Kwa Mvivu

Shomari alikufa wiki ileile greda ilipoanza kupanda mlima wetu, na mimi nilikuwa nimechoka kabla ya yote mawili. Nilikuwa nimekaa barazani namenya magimbi, magoti yakiniuma kama yalivyozoea kila vuli, nikasikia mngurumo kutoka bondeni, upande wa mjini. Haukuwa wa lori. Lori hupanda likihema, linanyamaza kidogo kwenye kona, kisha linaanza tena. Huu ulikuwa mngurumo mmoja tu, wa taratibu, usio na haraka yoyote. Wajukuu wakakimbia kwenda kutazama, wakarudi wakisema ni mtambo wa manjano, una magurudumu yanayompita baba kwa urefu, una kisu kikubwa tumboni na mbele kabisa, chini ya pua, una meno. "Meno?" nikauliza. "Meno, bibi, ya chuma. Yanashuka na kupanda." Nikaliacha gimbi nililolishika likarudi kwenye sinia. Nilijua barabara itatengenezwa, watu walikuwa wakilisema jambo hilo tangu mavuno, ila hakuna aliyekuwa amenitajia meno. Alasiri ya siku ile ndipo akaja Saidi kutoka Mwembesongo, kule mjini, mtoto wa dada yake Shomari, amevaa kofia yake ya ibada na viatu vimejaa vumbi, akanipa shikamoo kwa sauti ya mtu mwenye habari. Kabla hajakaa nikajua.

"Mtani wako ametutoka, Bi Tatu," akasema. "Tunazika kesho baada ya adhuhuri. Wazee wamesema bila wewe jeneza halitoki."

Nikamwambia asinifundishe kazi yangu. Koo zetu mbili ni watani tangu huko nyuma nisikokujua, na msibani mtani ana kazi yake. Yeye ndiye anayelala mlangoni jeneza lisipite. Yeye ndiye anayemtukana marehemu mbele ya wafiwa mpaka waliokuwa wakilia wacheke, na akidai kitu lazima apewe. Kazi hii nimeifanya mara nyingi, nikiwa na nguvu na nikiwa sina. Saidi alikunywa uji, akaondoka. Nikabaki barazani nikisikiliza ule mngurumo hadi uliponyamaza kwa ajili ya magharibi. Nilihesabu kichwani watu waliobaki wanaojua kwa nini kilima kidogo cha barabarani pale chini kinaitwa Kwa Mvivu. Nikajikuta niko peke yangu.

Ya wazazi wangu na ya ukoo siyaandiki hapa, wapo wengine watayaandika vizuri zaidi. Naandika mwaka mmoja tu wa wakati wa Wadachi, mwaka ambao sisi tulioishi huku tuliuita mwaka wa Ng'ombe. Reli ilikuwa imekwisha kufika Morogoro, na Wadachi wakataka barabara ya kupanda milimani, pana ya kupitisha magari ya kukokotwa. Mume wangu alikuwa amechukuliwa upagazi, na jina lake lilipoitwa kazini nikaenda mimi, kwa sababu jina likiitwa lazima mtu aitike. Nilikuwa na mimba changa. Huko kambini, chini kabisa mlima unapoanzia, ndipo nilipomwona Ng'ombe kwa mara ya kwanza. Hakuwa ng'ombe. Ilikuwa miti miwili mizito iliyofungwa sambamba kwa vyuma, na mbele yake unafungwa ama ubao mpana wa kusawazisha, ama meno ya kufumulia ardhi ngumu. Meno yale yalifuliwa kwa vipande vya reli iliyopinda vilivyookotwa stesheni ya Kingolwira. Ng'ombe wa kweli waliletwa wamvute, wakaumwa na mbung'o, wakafa mmoja baada ya mwingine mpaka zizi likawa tupu. Basi kamba wakapewa watu, na jina la ng'ombe likabaki kwenye mti. Nyapara akiita asubuhi, "Watu wa Ng'ombe!" wanaume walikwenda wakapanga mistari miwili, wakachukua kamba.

Mkubwa wa kazi alikuwa Mdachi mmoja tuliyemwita Bwana Uzi, maana siku nzima alikuwa akivuta uzi kutoka kigingi hadi kigingi na kuinama kuutazama kwa jicho moja. Hakuwa mtu wa kelele. Alipenda mambo mawili, uzi wake unyooke na meno yake yasivunjike, kwa kuwa jino likivunjika ilibidi kungoja fundi mjini na kazi kulala. Tatizo lake lilikuwa uzito. Ng'ombe mtupu aliteleza juu ya ardhi bila kuikwaruza. Wakampakia mawe, mawe yakaanguka kila alipogonga kisiki. Mwishowe Bwana Uzi akawatazama watu waliokuwa mstarini, akamnyooshea kidole Shomari, ambaye hata katika njaa ile alikuwa na mwili mkubwa, akaamuru akae juu. Ndivyo alivyopata kazi ya kukaa. Akisogea mbele, meno yanazama. Akisogea nyuma, pua inanyanyuka na meno yanapita juujuu. Wavutaji nao walikuwa na ujanja wao, wakiweka kamba mabegani pua inakuwa nyepesi, wakiishusha kiunoni inazama. Shomari alijua yote hayo kwa makalio yake. Akikaa pale juu alitukana watu wote kuanzia nyapara hadi jua, na sisi wanawake tuliokuwa nyuma tukicheka, michi mikononi.

Michi ilikuwa yetu wenyewe. Tuliambiwa kila mwanamke aje na mchi wa nyumbani kwake, wa kutwangia, na kwa michi hiyohiyo tukashindilia udongo uliomwagwa barabarani. Jioni tukarudi kuitumia kwenye kinu, tukaiosha, na bado unga ulikuwa na mchanga. Banda la wanawake lilikuwa la matete, limekandikwa udongo upande inakotoka mvua tu. Ndani kulikuwa na vitanda vya miti viwili vya wagonjwa na sisi wengine tulilala chini, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Chakula kilikuwa ugali wa mtama na mlenda, siku nyingine kisamvu, na siku nyama ilipopatikana ilikuwa ni ya wale ng'ombe waliokufa, watu wakaila kimyakimya. Ukutani kulikuwa na upenyo, na upande wa pili walikaa wanaume, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulisikia nani anataka kutoroka kwenda Kilosa, nani amemkosa mkewe, nani anamsema nyapara. Shomari naye alisikia tulivyomsema. Asubuhi alipiga kelele kutoka juu ya mti wake, "Tatu! Mtu aliyesema mimi nina tumbo la mjamzito, basi tushindane nani atajifungua kwanza!" Nikamjibu kwamba lake halina mtoto, lina ugali wa watu. Nilikuwa sijui bado kama mtu anaweza kuchoka mpaka kicheko kikamwuma. Mwaka ule nilijifunza.

Nilijifungua nyumbani, mwezi wa mvua kubwa, nyanya yangu ndiye aliyenizalisha. Alikuwa mtoto wa kiume. Alikufa kabla ya siku ya kumtoa nje, kabla hajaonyeshwa jua wala hajapewa jina. Mtoto wa namna hiyo hawekewi matanga. Wanawake wawili watatu humzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ardhi ikasawazishwa, na wanaume hawaambiwi mahali. Wala mtu halii. Nyanya alisema ukimlilia unamzibia njia kama anataka kurudi tena, basi sikulia. Tukamlaza chini ya mgomba mmoja uliokatwa mkungu wake, nyanya akapangusa mikono kwa majani, akaniambia niende nikalale. Mtu akifa kwetu nyumba hujaa, watu hula, watani hutukana, hata jirani mgomvi huja na kuni. Kwake haikuja hata kuni moja. Sasa nimezika wengi, watu wazima na wazee, na bado nasema wazi kwamba hakuna ukimya ulionitesa kama ule wa baada ya kumlaza, nikimsikiliza nyanya nje akipepeta mtama kama kila siku.

Nikarudi kazini, kwa sababu jina la mume wangu liliendelea kuitwa. Barabara ilikuwa imepanda sana wakati sipo. Kila juma ilikuwa ikisogea, na ilisogea kuelekea kwetu, hata ikafika siku ambayo sikulala tena kambini, nililala kwenye banda langu mwenyewe na asubuhi nikateremka kidogo tu kukutana nayo. Ilikuwa kana kwamba inanifuata nyumbani. Wazee wa kijiji nao waliiona inakuja, wakaona uzi wa Bwana Uzi umeelekea moja kwa moja kwenye msitu mdogo wa makaburi, walipolala wakubwa wa ukoo na mahali pa tambiko. Wakamwendea. Mazungumzo yao yalifanyika kando ya ukuta wangu, mimi nikiwa ndani jikoni, na nyapara ndiye aliyekuwa akitafsiri. Nyapara huyu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mkali wa fimbo, hatukuwa tukimpenda. Wazee wakasema kwa adabu kwamba mahali pale hapapitiki. Bwana Uzi hakuelewa makaburi, akauliza ile miti mikubwa ina mizizi ya namna gani. Wakamwambia mizizi yake inavunja jembe. Akayafikiria meno yake ya chuma. Nikamsikia akisema maneno machache, na nyapara akayageuza: "Amekubali. Njia itapinda. Itapita huku nyuma ya nyumba hii, kwenye migomba."

Wazee walishukuru sana. Walikuwa na haki ya kufurahi, wakubwa wao wamepona. Waliondoka wakizungumza juu ya mbuzi wa kutambikia, na mimi nikabaki nimeshika mwiko juu ya chungu cha mlenda. Kwenye migomba hapakuwa na mti mkubwa, hapakuwa na kaburi la mtu aliyejulikana. Kama ningetoka nikasema, ningesema nini? Kwamba kuna mtu pale ambaye hakupewa jina na mimi sikumlilia? Mambo yale hayakuwa ya kusemwa mbele ya wanaume, na hata wangesikia wasingepindisha njia mara mbili kwa kiumbe asiyeonyeshwa jua. Nyanya nilimwambia jioni ile. Akanitazama, akasema, "Yule amekwisha kwenda zake, mwanangu. Pale ni udongo tu." Huenda alisema kweli. Lakini nilikuwa nimeyaona meno yale yakifumua ardhi, nimeona yanavyotoa kila kitu juu, mizizi, panya na watoto wake, vigae vya vyungu vya watu wa zamani, na wanaume wakipita juu yake wakiimba.

Kulikuwa na mtu mmoja tu niliyeweza kumdai. Siombi kwa mtani, mtani nadai, na yeye hawezi kukasirika. Siku iliyotangulia migomba, wakati wa chakula cha mchana, Shomari alikuwa amekaa peke yake juu ya Ng'ombe, miguu inaning'inia, ugali wake kwenye jani la mgomba. Nikamwendea mbele ya watu wote nikamnyang'anya jani zima. Wanaume wakashangilia. Watani hunyang'anyana chakula, hilo halikumshangaza mtu.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Ukoo wenu wote hamna shamba, mnalima kwenye sahani za watu!"

"Nyamaza, gunia la mtama," nikamwambia. Kisha nikainama kama ninayeficha ugali kifuani, nikasema polepole, "Shomari, kesho mnapita nyuma ya banda langu. Penye mgomba uliokatwa mkungu nina mtu wangu. Usikae mbele."

Akaacha kutafuna. "Mkubwa?"

"Hajatolewa nje."

Alikuwa kijana, pengine hajawahi kumsikia mwanamke akisema jambo lile. Nikadhani atafanya mzaha, nikajitayarisha kuuvumilia. Akasema, naye kwa sauti ya chini, "Yaani kulikuwa na msiba na mimi mtani sikuitwa? Sijala hata tonge la matanga yake?" Nikaliangalia lile jani mikononi mwangu, nikamega tonge kubwa, nikampa. Akalila taratibu lote, akafuta mkono kwenye paja. "Haya," akasema, "sasa nimekula." Kisha akapaza sauti tena, akiwaambia wote kwamba nimerudisha chakula kwa sababu nimeona aibu.

Kesho yake kulikuwa na ukungu hata jua lilipopanda. Bwana Uzi alikuwa mbele na vigingi vyake, nyapara ubavuni na fimbo, wanaume mstarini, kamba viunoni kwa sababu ardhi ya pale ilikuwa imeshikana. Sisi wanawake tulikuwa nyuma kama kawaida. Meno yaliingia kwenye migomba ya kwanza yakaitoa na mizizi yake. Nilikuwa nimeushika mchi wangu kwa mikono miwili, sikuwa naona vizuri. Mgomba uliokatwa mkungu ulipokaribia, nikamsikia Shomari anaanza kutukana, na sauti yake ilikuwa si ya kila siku. Ilikuwa ile ya msibani, ndefu, ya kuita mtu aliyeko mbali.

"Ewe mvivu! Wewe uliyelala hapo! Watu wamevuta tangu mvua hazijanyesha, wewe hata kamba hujaigusa umeshachoka? Jua hujaliona umeshachoka! Mvivu mkubwa wewe, mtoto wa wavivu, mama yako mvivu, nyanya yako mvivu, mmekosa hata kuniita nije kula! Sogeza miguu yako, Mvivu, watu wazima wanapita!"

Wanaume waliokuwa kwenye kamba walikuwa watu wa huku, walijua matusi ya namna ile huelekezwa kwa nani. Hutukani hivyo isipokuwa mbele ya maiti. Nikaona mgongo wa kwanza unastuka, kisha wa pili, na bila mtu kuamuru kamba zikapanda kutoka viunoni hadi mabegani, mstari wote. Wimbo ukakoma. Shomari akajivuta nyuma mpaka karibu aanguke, pua ya Ng'ombe ikanyanyuka, na meno yakapita juu ya mahali pale yakikata majani tu. Wakapita kwa hatua za watu waliobeba jeneza. Mwanaume mmoja wa mbele, hata simjui jina, alivua kilemba chake akipita. Mimi nikalia. Nililia kwa sauti, huko nyuma, mbele ya watu wote, na mwanamke aliyekuwa kando yangu aliacha mchi wake akanishika. Mwanangu alikuwa amepata matanga, amepata wabebaji, amepata mtani na amepata jina.

Bwana Uzi naye alikuwa na macho. Aliweka uzi wake, akaona mahali pamebaki pameinuka, akauliza. Shomari akasema pana jiwe, ameogopa meno yasivunjike. Bwana Uzi akamwambia nyapara apime. Nikamwona yule mtu wa pwani anakwenda pale, anaichoma fimbo yake ardhini. Udongo ulikuwa laini, fimbo ilizama, nilikuwa karibu nikaona. Akaizungusha kidogo, akaichomoa, akaifuta ncha kwa kidole. "Jiwe, Bwana," akasema. "Kubwa sana." Sijui mpaka leo kwa nini alisema. Pwani nako kuna watani, kuna watoto. Bwana Uzi akaamuru paachwe, udongo uletwe pande zote mbili ili magari yapande na kushuka bila kugonga. Ila Shomari alikuwa amenyanyua bila amri, na kwa hilo akapewa hamsa wa ishirini, mapigo ishirini na matano ya kiboko, juu ya Ng'ombe huyohuyo. Watu wakihadithia husema alicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwepo. Alilia, akamwita mama yake, na baadaye hakuweza kusimama.

Mchana ule tulileta udongo kwa matenga, tukaumwaga pale, na ikaja zamu ya michi. Ningeweza kusema naumwa, yule mwenzangu aliniambia nikae. Sikukaa. Nilitwanga juu ya mwanangu kwa mchi wangu mwenyewe, polepole, nikiuacha uanguke kwa uzito wake tu, na sikutaka mtu mwingine asimame pale. Jioni nilipeleka ugali kwa Shomari, amelala kifudifudi bandani, mgongo umepakwa majani. Alinisikia nikiingia, hakugeuza kichwa. "Mama Mvivu," akasema, "mwanao amenichapisha. Angekuwa mkubwa ningemdai." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita mama wa fulani. Nilizaa wengine baadaye, naitwa kwa majina yao, na nimefurahi nayo. Lakini lile la kwanza alikuwa nalo Shomari peke yake. Alilisema sokoni, harusini, kwenye misiba, miaka na miaka, hadi meno yake mwenyewe yalipomwisha, na watu wakadhani ananitania kwa uvivu.

Barabara ikapita, sisi tukahamia juu zaidi mlimani, Wadachi wakaondoka na vita vyao, wakaja Waingereza, na kilima kikabaki. Magari yakapunguza mwendo pale, na watu wakawa wakisema tukutane Kwa Mvivu, nishushe Kwa Mvivu, ana shamba karibu na Kwa Mvivu. Ukiwauliza wanasema palikuwa na kibarua mvivu aliyekuta jiwe akashindwa kusawazisha. Sikumrekebisha mtu.

Siku ya maziko ya Shomari niliondoka mapema, na fimbo yangu, kanga mbili na chupa ya maji. Greda ilikuwa imekwisha kufika Kwa Mvivu, imesimama pale inanguruma. Dereva alikuwa kijana wa Kihonda, akaniona, akaizima, akateremka. "Shikamoo bibi. Subiri nikupishe." Nikamwitikia. Nikamwuliza yale meno ya mbele kazi yake nini, ingawa nilijua. Akaeleza kwa furaha, kama mtu anayependa kazi yake: meno yanatangulia yanafumua palipo pagumu, kisu kinafuata kinasawazisha. Nikamwuliza kama anaweza kuyanyanyua. "Mara moja tu, bibi, navuta hiki hapa. Ila leo siwezi kuyanyanyua, tuta hili ndilo wanalolilalamikia wenye malori. Nikiliacha nitaulizwa."

Nilisimama. Yeye si mtani wangu, nilikwisha kumwuliza kwao wapi. Ningeweza kumsihi kama bibi kizee, na alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza. Ila nilikwisha kumwona mtu akiulizwa kwa ajili ya tuta lile, na leo nilikuwa nakwenda kumzika. Magoti yaliniuma, jua lilikuwa limepanda. "Usinyanyue," nikamwambia. "Fanya kazi yako, mwanangu." Nikakaa kando, kwenye majani, nikatazama mpaka mwisho. Meno yalishuka, yakaingia bila shida yoyote, kisu kikafuata, na udongo ukamwagika pembeni mwekundu. Hapakuwa na kitu, mizizi tu. Kijana akapiga kelele kutoka juu, "Bibi, wazee walisema hapa pana jiwe kubwa! Hamna jiwe!" Nikanyanyuka, nikachota udongo wa pale mkono mmoja, nikaufunga kwenye pindo la kanga. Nikateremka mjini.

Mwembesongo nyumba ilijaa mpaka barabarani. Niliingia nikamwona akiwa amefunikwa, mwili bado mkubwa. Jeneza liliponyanyuliwa nikalala mlangoni, chali, na fimbo yangu kifuani. Wanawake wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. "Halipiti!" nikasema. "Gunia la mtama hili linakwenda wapi? Mtu amekaa maisha yake yote juu ya mti, wenzake wanavuta, sasa anataka abebwe tena? Shomari! Mimi nakudai!" Wakaniuliza nadai nini. Nikafungua pindo la kanga, nikauonyesha udongo. Nikasema mzigo huu uwekwe miguuni kwake ndani, akae nao, na safari hii akae mbele au akae nyuma, shauri yake. Imamu akanitazama, akautazama udongo, akasema udongo ni udongo, hauna neno. Watu walikuwa wakicheka kama inavyotakiwa. Kwa desturi yetu mrithi ni mtoto wa dada, basi ni Saidi aliyeinama. Alikinga viganja vyote viwili nikammiminia, na aliupokea vizuri, haukumwagika. Hakujua ni nini. Alikuwa amelisikia jina kwa mjomba wake tangu utoto, akalifikiri mzaha kama wengine wote, na sasa mzaha ulikuwa wake kuurithi.

"Mzigo wako nimeuchukua," akasema. "Haya tupishe, Mama Mvivu."

Nikapisha.